Uzima kama Jibu: Tafakuri juu ya Siha ya Mtu, kutoka Woodley hadi Kichwamaji

Miongoni mwa dhana ambazo mazoea yamezifanya zionekane kuwa hazihitaji kuchunguzwa, dhana ya uzima ina nafasi ya pekee. Mzungumzaji wa Kiswahili huulizwa juu ya uzima wake mara nyingi kwa siku, naye hujibu bila ya kufikiri. Hata hivyo, katika miongo ya karibuni neno hili limepata washindani. Katika mabango ya Barabara ya Ngong, katika vijitabu vya makampuni ya bima na katika semina zinazoandaliwa na waajiri, mkazi wa Nairobi huhimizwa aitafute "siha kamili", "ustawi wa nafsi", "afya ya mwili, akili na roho". Hizi ni tafsiri, tena tafsiri zisizotulia, za fikra iliyopata nguvu Marekani hasa baada ya mwaka 1961, wakati daktari Halbert Dunn alipochapisha kitabu chake juu ya kile alichokiita kiwango cha juu cha siha. Swali linaloibuka hapa si la istilahi tu. Ni swali la kimaadili: je, uzima ni mali ya mtu binafsi, kitu anachoweza kukitafuta, kukilipia na kukihifadhi nyumbani kwake, au ni uhusiano baina yake na wengine? Na ikiwa ni uhusiano, nafsi ya mtu mmoja hubakiwa na nini? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuanzia mahali mahsusi, yaani mtaa wa Woodley ulioko magharibi mwa Nairobi, kisha yanaigeukia lugha yenyewe, na hatimaye baadhi ya kazi za fasihi ambazo zimelikabili swali hili kwa ujasiri kuliko vile vijitabu.

Woodley unafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu historia yake ni historia ya wazo fulani la afya. Nairobi ilipokuwa ingali changa, tauni iliingia katika soko la Wahindi, na mwaka 1902 soko hilo likachomwa moto kwa amri ya daktari. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa usafi wa miji, aliletwa kuchunguza hali ya afya katika miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza kwamba makazi ya jamii mbalimbali yatenganishwe. Hoja yake haikutolewa kama hoja ya ubaguzi. Ilitolewa kama hoja ya tiba. Afya ya mmoja ilifasiriwa kuwa ni umbali wake kutoka kwa mwingine. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 uliiacha rasmi sera ya kuwatenga Wazungu na Waasia katika makazi ya mijini, lakini ramani ya mji ilikuwa imekwisha kushika mkondo wake: magharibi penye vilima, miti na hewa ya ubaridi pakawa pa Wazungu. Woodley, mtaa uliojengwa na baraza la mji katika kipindi hicho cha ukoloni kwa ajili ya wapangaji wa Kizungu, ulikuwa tunda la mpango huo. Nyumba zake zilikuwa na bustani na ua. Baada ya uhuru wapangaji walibadilika, na jina la Joseph Kang'ethe, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Kikuyu Central Association, likapewa barabara ya mtaa huo.

Karibu kabisa na nyumba hizo iko Kibera, ambayo asili yake ni makazi ya askari wa Kinubi waliopewa ardhi huko mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Baina ya Kibera na Barabara ya Ngong kuna soko la Toi, ambalo liliteketezwa wakati wa ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007 na likajengwa upya na wachuuzi wenyewe. Upande mwingine Kibera imepakana na klabu ya gofu ya Royal Nairobi, iliyoasisiwa mwaka 1906. Mipaka ya uchaguzi inayotumika tangu mwaka 2013 imeviweka vitu hivi katika eneobunge moja la Kibra, na wadi ya Woodley imepewa jina refu linalouunganisha mtaa huo na uwanja mwingine wa gofu, ule wa Kenyatta. Mtu asiyeujua mji anaweza kudhani kwamba jina hilo limetungwa na mwandishi wa tashtiti.

Basi na atazamwe mtu anayetembea kwa miguu kando ya Barabara ya Ngong saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hakika ni watu wawili. Mmoja ametoka nyumbani kwake Woodley akiwa amevaa viatu vya mazoezi. Daktari amemwonya juu ya shinikizo la damu, naye ameazimia kutembea kilomita sita kila siku. Wa pili ametoka Kibera, naye pia anatembea, pengine kilomita nyingi zaidi, kwa kuwa nauli ya matatu imepanda na ujira wa siku hautoshi kulipia nauli na unga. Wanapishana. Mioyo yao yapiga kwa kasi ile ile, na misuli ya miguu yao yapata faida ile ile. Lau uzima ungekuwa hali ya mwili peke yake, ingelazimu kusemwa kwamba wote wawili wanajitafutia uzima, na kwamba wa pili amefaulu kuliko wa kwanza. Kila msikilizaji huona mara moja kwamba kauli hiyo ina kasoro. Mwanafalsafa na mwanauchumi Amartya Sen, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1998, aliifafanua kasoro ya aina hii kwa kumlinganisha anayefunga na anayekosa chakula: matumbo yao yamekuwa matupu kwa kiasi kimoja, lakini mmoja alikuwa na hiari ya kula. Kiswahili hakikuhitaji kuongozwa katika jambo hili, kwani siku zote kimetofautisha kufunga na kulala njaa. Hiari, basi, imo ndani ya uzima. Hata hivyo hiari peke yake haielezi yote, maana yule wa kwanza anaweza kuwa na hiari tele na bado, arudipo nyumbani na kuvua viatu, asiwe mzima hata kidogo.

Lugha yenyewe inasemaje? Kivumishi -zima huleta maana ya kitu kisichopungukiwa na sehemu yake: siku nzima, mkate mzima, kijiji kizima. Kikitumiwa kwa mtu huwa na maana tatu zinazopakana. Mtu mzima ni aliye hai. Ni asiye mgonjwa. Na ni aliyekomaa. Utu uzima ni umri, lakini vilevile ni sifa ya kimaadili, kwa sababu humwambia mtu "wewe ni mtu mzima" yule anayetaka kumkumbusha wajibu wake, wala hakusudii kumpa habari za miaka yake. Kwa hiyo dhana ambayo semina za leo huileta kama ugunduzi, yaani kwamba afya ni ukamilifu wa mtu na si wa kiungo kimoja, imekaa katika mofimu mbili za Kiswahili tangu kale. Yafaa kuongeza kwamba afya, siha na salama, maneno yaliyotoka katika Kiarabu, yalipokewa bila ya kuliondoa neno hili la Kibantu. Yalipewa kazi nyingine. Afya huweza kuwa na wizara. Uzima haujapata kuwa nayo.

Lakini jambo la kina zaidi limo katika maamkizi. "Hujambo?" kwa asili ni kuuliza kama mtu hana jambo, na "sijambo" ni kukana kuwa nalo. Uzima hapa umefasiriwa kwa ukanushi. Fasiri hiyo ni tofauti kabisa na ile ya Shirika la Afya Duniani, ambalo katiba yake, iliyotiwa saini mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa hali ya ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, na inakataa katakata kwamba afya ni kutokuwa na maradhi tu. Kwa mtazamo wa haraka fasiri ya shirika hilo inaonekana kuwa pana, na ile ya maamkizi kuwa finyu. Ukweli ni kinyume chake. Kwa mujibu wa fasiri ya ukamilifu, hakuna mkazi hata mmoja wa Woodley, sembuse wa Kibera, aliyepata kuwa na afya walau kwa siku moja. Fasiri ya maamkizi haidai kwamba maradhi hayapo. Mwenye kisukari cha miaka 20 hujibu "sijambo" na hasemi uongo. Mgonjwa aliyezidiwa jana akapata nafuu leo husemwa kwamba "leo hajambo". Neno hilo linapima siku kwa siku na mtu kwa hali yake. Linamruhusu mzee, kilema na mgonjwa kuingia katika duara la wazima bila ya kuwataka kwanza wapone. Ni fasiri yenye huruma, na huruma hiyo imo katika sarufi.

Aidha, uzima huu ni jibu. Haujitokezi mpaka uulizwe. Mtu hawezi kusema "sijambo" peke yake chumbani bila ya kuonekana kwamba ana jambo kubwa. Desturi ya barua, ambayo kizazi cha simu za mkononi kinaielekea kuisahau, ililithibitisha hilo kwa namna ya kupendeza: mwandishi alianza kwa kutaja kwamba yeye huku ni mzima, kisha akaongeza kwamba hofu ni kwako wewe uliye mbali. Kwa maneno mengine, uzima wake ulikuwa haujatimia hadi jibu lirudi kwa posta. Linganisha na "Jambo!" wanayofundishwa watalii mahotelini, na ambayo wimbo wa bendi ya Them Mushrooms wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliieneza duniani. Katika salamu hiyo ukanushi umeanguka, nafsi imeanguka, na swali lenyewe limeanguka. Imebakia sauti ya ukarimu isiyongoja kujua lolote. Vijana wa Nairobi, ambao aghalabu hulaumiwa kwa kuiharibu lugha, wamekuwa waaminifu zaidi: katika Sheng "niaje?" ni swali, na jibu lake, "poa", ni neno lile lile linalosemwa juu ya homa, chai na hasira zinapopoa.

Hapa ndipo penye mtego ambao uhakiki wa Kiafrika umeuingia mara nyingi. Msomaji anaweza kukurupuka na kuhitimisha kwamba uzima wa Kiafrika ni wa jamii na uzima wa Kimagharibi ni wa mtu binafsi, na kwamba mkazi wa Woodley anayetembea na viatu vyake amepotea njia. Hoja hiyo ina msingi wa heshima. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliueleza utu kwa namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika: kwamba kuwapo kwa mtu hutokana na kuwapo kwa wenziwe. Mtu ni watu, husema methali. Hata hivyo, kuna mwandishi mwingine aliyesema kitu kinachofanana na hicho kwa nia tofauti kabisa, na yapasa asikilizwe kabla ya hoja hiyo kukubaliwa.

Huyo ni J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, lile lile la ukamilifu wa mwili, akili na jamii, lilichapisha taarifa yake ndefu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Carothers alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, kiasi cha kufanana na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Na kwamba maradhi ya sonona ni nadra kwake, kwa kuwa maisha yake yameongozwa na jamii mno hata hana nafsi huru ya kulaumu na kuhuzunikia. Frantz Fanon aliyajibu madai hayo kwa ukali mwaka 1961. Lakini inafaa kuitazama sura ya hoja yenyewe badala ya kuitupa pamoja na ubaguzi wake. Ikiwa mtu ni jamii yake tu, basi hawezi kuugua peke yake. Na ikiwa hawezi kuugua peke yake, hapana haja ya kumwuliza yeye hujambo. Itatosha kukiuliza kijiji. Sifa iliyotolewa na mwanafalsafa na dharau iliyotolewa na mganga wa kikoloni zaweza kufika katika kizingiti kimoja, na mgonjwa akabaki nje.

Fasihi ya Kiswahili ililiona hilo mapema. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi alimchora Kazimoto, kijana wa chuo kikuu ambaye hakupungukiwa na jamaa wala na maamkizi. Wazazi wapo, marafiki wapo, kijiji kipo, ndoa inafuata. Riwaya inaishia kwa Kazimoto kujiua. Wahakiki wamezoea kuisoma kazi hii kama mfano wa udhanaishi ulioletwa kutoka Ulaya, na kwa hakika nyayo za Camus zaonekana. Usomaji huo si kosa, lakini una hatari ya kumwachilia mwandishi aonekane kama mwigaji aliyepandikiza ugonjwa wa Kizungu katika mwili wa Kiafrika. Na huko ni kurudi kwa Carothers kwa mlango wa nyuma. Usomaji ulio karibu zaidi na matini huonyesha kwamba tatizo la Kazimoto si ukosefu wa jamii, bali ni kwamba hakuna katika jamii hiyo anayeuliza akangoja jibu. Kila mmoja amekwisha kujua anayopaswa kuwa: msomi, mwana, mume, baba. Maamkizi yanamiminika, lakini yanakielekea cheo chake. Rosa Mistika, riwaya ya awali ya mwandishi huyo huyo (1971), ilikuwa imekwisha kuonyesha hali hiyo kwa upande wa mwanamke, na mwisho wake ni ule ule.

Kinyume cha Kazimoto ni Utubora. Katika Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kufa kwa mwandishi, Shaaban Robert anamtoa mtu wake katika kazi ya mshahara mjini na kumpeleka shambani. Msomaji wa leo anaweza kuiona hadithi hiyo kama kitabu cha siha kilichotangulia wakati wake: acha mafaili, pumua hewa safi, kula ulichokipanda. Ni kweli kwamba Shaaban Robert huwarahisishia wema njia kupita kiasi, na shamba lake halina mikopo wala mchwa wa kutosha. Lakini Utubora hakimbilii upweke. Anakimbia mahali ambapo thamani yake ni mshahara, akaenda mahali ambapo majirani watamwona akifanya kazi na watakuwa na haki ya kumhukumu. Jina lake, lililoundwa na utu na ubora, halimtaji mtu mwenye furaha. Linamtaja mtu aliyekubali kupimwa.

Mfano ulio mgumu kuliko yote umetoka katika gereza la Kamiti. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi, na akaachiliwa mwaka 1972. Tungo alizoziandika kwa siri gerezani zilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kwa kila kipimo cha vijitabu vya siha, mtu aliyewekwa peke yake katika chumba cha gereza hana uzima: hana chakula bora, hana mazoezi, hana utulivu, hana wenziwe. Hata hivyo lililo muhimu kwa mjadala huu ni umbo la mojawapo ya tungo mashuhuri za diwani hiyo, majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi. Mtu aliyenyimwa mwenzi wa kuzungumza naye aliiumba sauti ya pili, akaipa hoja zenye nguvu, akaiacha imjibu. Kwa kawaida utungo huo husomwa kama fumbo la siasa, nao ni fumbo la siasa. Lakini pia ni ushahidi kwamba akili iliyo nzima, hata ikinyang'anywa kila kitu, huendelea kumhitaji anayeuliza, na ikimkosa itamtunga. Hapo uzima haukuwa wa kijiji, kwani kijiji hakikuwapo. Wala haukuwa wa mtu aliyejitosheleza.

Kutoka katika mifano hii mitatu inawezekana kurejea katika maamkizi na kuona mpangilio ambao huenda ulipuuzwa. Muulizaji hasemi kwanza "hamjambo nyumbani?" Anaanza na nafsi ya pili umoja: hujambo? Baada ya kujibiwa ndipo aulizapo habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Mtu mmoja anaulizwa akiwa mmoja, kisha anaulizwa juu ya watu wake. Hatua ya kwanza haiwezi kurukwa, na ya pili haiwezi kuachwa bila ya kuonekana ni utovu wa adabu. Mbiti aliieleza hatua ya pili vizuri. Vitabu vya siha ya binafsi vinaijua ya kwanza tu. Na Carothers hakuiona hata moja, kwa maana alikuwa na jibu kabla ya kuuliza.

Pingamizi lililo zito dhidi ya hoja hii ni kwamba maamkizi ni desturi, na desturi hujibiwa kwa desturi. Bawabu wa lango mojawapo la Barabara ya Ngong huulizwa habari ya asubuhi mara 40, kupitia dirisha la gari ambalo limekwisha kuanza kupanda. Atajibu "nzuri" hata kama mwanawe alilala na homa, kwa kuwa jibu jingine lingehitaji muda ambao muulizaji hakuuleta. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini linachothibitisha si kwamba uzima hauhusiani na swali, bali kwamba kuna maswali yanayonyima jibu nafasi. Tofauti ya madaraka kati ya aliye garini na aliye langoni huingia katika sarufi na kuigeuza: "nzuri" ya bawabu huwa ni utumishi. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyekuwa amewekwa kizuizini bila ya kushtakiwa katika miaka ya 1980, alimpeleka mhusika wake Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, hadi nchi ambayo jina lake ni ufupisho wa "wale ni sisi". Nchi hiyo ni njozi, na kama njozi nyingi ina hotuba nyingi kuliko matukio. Hata hivyo jina hilo limeligusa jambo ambalo mpango wa Profesa Simpson ulilikana. Mradi wale si sisi, kuuliza kwa kweli hakuwezekani. Na penye ukuta, hofu ya barua haina pa kwenda.

Kwamba haya si mambo ya vitabu tu, sheria ya Kenya imeonyesha. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa sheria za Uingereza, kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua akashindwa kuwa mhalifu, na kosa hilo liliweza kumfunga hadi miaka miwili. Uingereza yenyewe iliifuta sheria yake mwaka 1961. Nairobi iliendelea nayo kwa miongo sita baadaye. Kwa mkazi wa Woodley au wa Kibera aliyefika ukingoni kama Kazimoto na akanusurika, mtu wa kwanza kumwuliza ana nini aliweza kuwa afisa wa polisi, na jibu la kweli lilikuwa kukiri kosa. Hapo jamii nzima, kwa kinywa cha dola, ilikuwa imeliharamisha jibu la "nina jambo". Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika ibara ya 43 inamhakikishia kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Uamuzi huo haukumponya mtu. Uliruhusu tu jibu litolewe.

Nyumba za Woodley zenyewe ziliingizwa katika mpango wa kaunti wa kubomoa nyumba za zamani za baraza na kusimamisha majengo ya ghorofa mahali pake. Mjadala umehusu fidia, idadi ya vyumba na kodi, na ni sawa uhusu hayo, maana mtu hawezi kuwa mzima bila ya paa. Lakini kuna jambo ambalo halina safu katika jedwali la wahandisi. Ua ule uliopandwa kwa ajili ya kuwatenga watu uligeuka, baada ya miaka 60 ya wapangaji wa kila kabila, kuwa mahali pa kusimama na kuulizana hali, kwa sababu ulikuwa mfupi wa kutosha kuonana na mrefu wa kutosha kuheshimiana. Mwenye viatu vya mazoezi, akirudi kutoka matembezi yake, alipita mbele ya jirani aliyejua kama jana hakuonekana. Mahali atakapohamia, wa kumwuliza mbona jana hakutokea ni nani?